Zamu ya Mzee Hyera Tumboni mwa Perege

Jumamosi iliyopita, kati ya saa nane na saa tisa kasorobo mchana, Mzee Otmar Hyera aliota ameitwa kazini ndani ya tumbo la samaki.

Hakushangaa sana. Alikuwa mpishi wa sekondari ya bweni kwa miaka thelathini na moja, na mpishi huitwa popote penye njaa. Kilichomshtua kidogo ni kwamba samaki mwenyewe alikuwa wake.

Nyuma ya nyumba yao, huko milimani Mbinga, mzee ana bwawa la perege. Hao perege walikuwa wanasubiriwa. Mwezi ujao yeye na mkewe Xaveria wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na Xaveria alikwisha kutangaza kwamba wageni wa jubilei watakula samaki wa nyumbani. Siku ya harusi yao watu walikula ugali na maharage, na hayo maharage yenyewe hayakuwafikia waliokaa nyuma.

Sasa mvua ilikuwa imekata barabara ya ziwani. Usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa ambao mzee huwatwanga na kuwachanganya na pumba ili kulisha perege, wakaadimika. Stoo kulibaki debe moja tu la chakula cha zamani. Mzee akapata mashudu ya soya, na asubuhi moja akawabadilishia samaki chakula chote kwa mkupuo.

"Si ungewachanganyia kidogo kidogo, baba Menrad," Xaveria alimwambia.

"Mama Menrad, nimelisha wanafunzi mia sita mimi. Njaa ikiwashika watakula."

Siku ya sita perege wawili walielea, matumbo juu. Binti Mpangala, afisa ugani wa samaki, alikuja, akampasua mmoja kwenye jani la mgomba, akawaonyesha utumbo ulivyokuwa mwekundu na kuvimba. Akaeleza kwamba humo ndani wanaishi bakteria wengi kupita kuhesabika, wanaomsaidia samaki kusaga chakula. Waliozoea usipa hawajui soya. Ukibadilisha ghafla, wa zamani wanapungua kabla wa soya hawajaongezeka, na wabaya wanakalia nafasi zilizoachwa wazi.

"Mzee wangu, chakula kipya kiingie kwa taratibu," alisema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wafanyakazi tumboni! Xaveria hakucheka. Alimtazama yule samaki aliyepasuliwa kwa muda mrefu, akainuka, akaenda jikoni. Tangu siku hiyo mumewe akisema jambo, anajibiwa ndiyo au hapana, basi.

Katika hali hiyo ndipo mzee aliposinzia kwenye kiti barazani.

Anasimama mlangoni mwa bwalo. Ni bwalo lile lile la shule, isipokuwa kuta ni laini, zina rangi ya ulimi, na zinapumua. Mlangoni ameketi mama mmoja mnene mwenye miwani, anachambua mchele punje moja moja.

"Jina?"

"Otmar Hyera, mpishi."

"Mimi ndiye Taratibu. Chakula kipya huingia kwangu. Cha kwako kiliingia kwa nani?"

"Nilikimwaga tu bwawani."

"Chote?"

"Ndoo mbili."

Bi Taratibu anaweka chini punje moja ya mchele. Anafikiri. Anaokota nyingine. "Basi kiliruka dirisha," anasema. "Ingia ukaone."

Ndani, benchi nyingi ni tupu. Katikati ya bwalo limesimama sufuria kubwa la shule, lile la kilo hamsini, ambalo mzee aliliaga siku anastaafu.

"Otmar," linasema sufuria, "umezeeka."

"Na wewe umeshika kutu."

"Ndiyo. Hata hivyo nafurahi kukuona."

Mzee analishika sikio. Bado ni moto, kama zamani.

Kwenye benchi ya mbele wamekaa bakteria kama ishirini, wadogo kama punje za ulezi, sahani magotini. Mmoja amevaa koti kuukuu, na mzee anajua bila kuambiwa kwamba huyu ndiye mkubwa wao.

"Shikamoo, mpishi," anasema yule bakteria.

"Marahaba. Mbona hamli?"

"Sisi ni wa usipa. Baba zetu walikuwa wa usipa." Anainua kipande cha soya kikubwa kuliko yeye. "Hii inafunguliwa upande gani? Tumeigonga. Tumeisukuma. Juzi tuliibembeleza."

"Wenzenu wako wapi?"

"Wametoka."

"Kwa mlango gani?"

Bakteria ananyoosha mkono kuelekea mlango wa nyuma. Mzee Hyera ni mtu mzima, haulizi zaidi.

Benchi za mwisho zimekaliwa na wengine asiowafahamu. Wamevaa viatu vizuri, wamekunja nne, na hawana sahani.

"Nyinyi mnakula nini?"

"Ukuta," mmoja anajibu kwa adabu.

"Samahani kulalamika, mzee," unasema ukuta, "lakini naumwa."

Mzee anawaambia watoke. Wanamwonyesha ubao uliopo juu ya dirisha la jikoni. Umeandikwa: ATAKAYEKUTA NAFASI WAZI AKAE. Mwandiko ni wake mwenyewe. Aliandika kwa chaki mwaka ule wanafunzi walipokuwa wanagombea viti, na hakuna aliyewahi kufuta.

"Sasa nifanye nini?" anauliza.

"Wewe si mpishi?" linasema sufuria. "Pika."

Anageuka kuchukua mwiko, na bwalo halipo. Yupo uani kwa baba yake, mwaka wa harusi. Turubai limefungwa kwenye miti ya kahawa. Wageni wote ni bakteria, wamevaa masuti, na wa nyuma wanauliza kama maharage yatafika. Yeye ana miaka sabini na mitatu, hana viatu, lakini hakuna anayejali. "Bwana harusi amechelewa kidogo," mtu anasema, wanampisha.

Xaveria amekaa kwenye mkeka. Ana miaka kumi na tisa. Mzee alikuwa amesahau kwamba alikuwa mdogo hivyo. Anakaa kando yake, magoti yanalia.

"Mbona huli?"

"Sijazoea," anasema bibi harusi.

"Ni maharage tu."

"Kwetu ziwani tulikula muhogo na usipa, asubuhi na jioni. Hapa nitakula maharage kila siku. Tumbo litaniuma mwezi mzima, na wiki moja juu yake. Mama yako atadhani nina mimba. Wewe utadhani nimekumbuka nyumbani, utaninunulia kitambaa."

Mzee anakikumbuka kile kitambaa. Kilikuwa cha maua ya njano, na alijivunia sana kukinunua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa mgeni. Ningeanzaje?" Hasemi kwa lawama. Anasema kama mtu anayetaja saa. "Na wewe hukuuliza."

Anafungua pindo la khanga yake. Ndani mna usipa wakavu, kiganja kizima, wanang'aa kama sindano. "Mama alinifungia. Nitakuwa navunja mmoja mmoja kwenye maharage, nikiwa peke yangu. Mwanzo mzima, baadaye nusu, halafu kichwa tu, mpaka tumbo lijue."

Upande wake wa pili ameketi Bi Taratibu, amevaa nguo ya sherehe. "Huyu binti aliingia kwangu," anasema.

Mzee Hyera anafungua mdomo aseme pole. Xaveria anachagua usipa mmoja, anampuliza vumbi, anamtia mzee mdomoni.

"Kula," anamwambia. "Wewe pia u mgeni leo."

Anatafuna. Wageni wote wanavuta sahani zao kwa pamoja, na mlio wa sahani unakuwa bwalo tena. Wa usipa wanakula. Pembeni ya benchi yao amesimama bakteria mpya, amevaa ganda la soya kama kofia, anauliza kama pana mtu. Yule wa koti kuukuu anamsogelea mwenzake ili kumpisha mgeni.

"Kaa hapa. Hebu tuonyeshe, hii inafunguliwa upande gani?"

"Huku," anasema mgeni.

"Kumbe!"

Anakuja mwingine. Wanasogea tena, benchi baada ya benchi mpaka za mwisho. Kila wanaposogea, mmoja wa wenye viatu vizuri anajikuta nusu yake iko hewani, anasimama, anajipangusa suruali. "Tunaomba njia," wanasema, wanaelekea mlango wa nyuma kwa mstari. Ukuta unashusha pumzi ndefu.

"Otmar," linasema sufuria, "zamu yako imekwisha. Nenda ukamwone mkeo."

Mzee akaamka.

Xaveria alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, anasuka ukili. Jua lilikuwa limemfikia miguuni.

"Mama Menrad."

"Ndiyo."

"Ulipokuja kwetu, uliumwa tumbo?"

Mikono ikasimama. Hakugeuka.

"Mwezi mzima," alisema.

"Na wiki moja juu yake."

Hapo aligeuka. "Nani kakwambia? Sijamwambia mtu. Hata mama yangu sikumwambia."

"Pole, Xaveria." Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina. "Nilikununulia kitambaa. Ningekuuliza kwanza."

Xaveria alimtazama kama anayetafuta kitu kilichoanguka usoni pake. "Kitambaa kilikuwa kizuri," alisema. Halafu, "Juzi nilimtazama yule samaki, nikaliona tumbo langu. Na wewe unacheka."

"Sicheki tena."

Walikwenda stoo pamoja. Walipima makopo matatu ya chakula cha zamani na kopo moja la soya, wakachanganya kwa mkono kwenye beseni, vidole vyao vikigongana. Bwawani mzee alirusha kidogo, akangoja. Maji yalitulia. Kisha perege mmoja alipanda, akafuata mwingine, na ingawa hawakuja wote, waliokuja walikula.

"Kesho tena hivi hivi," alisema Xaveria. "Hata keshokutwa. Tusiongeze soya kabla ya wiki kwisha."

"Sawa, mama."

Mzee alikuwa anasukuma kitu kwa ulimi tangu alipoamka. Alitia kidole mdomoni, akakitoa, akakiweka kiganjani. Ulikuwa mwiba mwembamba, mweupe, usiozidi unywele. Mchana walikuwa wamekula ugali na mboga ya maboga. Usipa hawajaingia jikoni kwao kwa wiki tano.

Xaveria aliuchukua, akauinua kwenye mwanga.

"Usipa huyu umemla wapi?"

"Umenipa wewe. Ulimtoa kwenye pindo la khanga."

Perege mmoja alipiga mkia, maji yakawarukia miguuni, hakuna aliyesogea.

"Mama alinifungia arobaini," alisema Xaveria. "Alinihesabia mwenyewe. Nilipofungua baada ya harusi, walikuwa thelathini na tisa." Aliufunga ule mwiba kwenye pindo la khanga yake, akakaza fundo. "Miaka yote nilidhani wifi Kostansia ndiye aliyemla mmoja. Itabidi nikamwombe radhi."