Hodi ya Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi, mfagiaji wa bustani ya ufukweni alimpeleka mama yake kwenye sanamu ya waanzilishi wa mji. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya heshima, vinavyombana, kwa sababu kamati ya kumbukumbu ingekuja kusikiliza malalamiko yake, na hakutaka dharau ianzie miguuni.

Waanzilishi walikuwa watano, wa shaba, vifua mbele, kama watu waliowahi kubeba tofali. Chini yao palikuwa na kibao: WALIPOFIKA, HAPAKUWA NA MTU. Malalamiko ya mama yalihusu maneno hayo tu. Nyumba ya bibi yake ilikuwa papo hapo penye jukwaa, na kisima chake kilikuwa pale walipojenga choo cha wageni. Alitaka maneno yafutwe angali hai.

"Nikifa nitafutwa mimi," alimwambia binti yake.

Kamati ilikuwa watu watatu: mwenyekiti, katibu na mjumbe wa kukubali. Walichelewa saa nzima, wakafika wanatafuna njugu, na maganda wakamwachia mfagiaji.

Saa tano kamili mwanzilishi wa mbele, mwenye kofia, alifungua kinywa akasema, "Hodi!"

Hakuna aliyeshtuka. Alikuwa akibisha hodi saa hiyo kila siku tangu azinduliwe, na kila siku mfagiaji alimwitikia "Karibu" huku akizoa taka, kwa kuwa alilelewa vizuri. Akishaitikiwa hunyamaza mpaka kesho yake.

"Mmesikia?" mama aliwauliza wanakamati, kabla binti yake hajaitikia. "Mtu habishi hodi porini. Anabisha kwa wenyewe."

"Mama, hiyo ni sauti tu," alisema mwenyekiti. "Sisi tunafuata maandishi."

"Maandishi si mmeandika nyinyi?"

"Ndiyo maana tunayafuata."

Katibu aliyaandika hayo, tena kwa mwandiko mzuri.

"Hodi!"

Mfagiaji alifungua mdomo. Mama akamfinya mkono.

"Nyamaza, mwanangu. Bibi yangu aliitikia mara moja tu, wakaingia mpaka leo."

Hodi ya tatu ilitoka kwa sauti ya chini, ya mtu anayeanza kuona haya. Mwenyekiti alikuwa akitazama simu yake. Waanzilishi walingoja kidogo, kisha wakafanya anachofanya kila aliyebisha mara tatu bila kuitikiwa: waligeuka, wakaenda zao. Walishuka mmoja mmoja, wa mwisho akishikilia goti, wakakanyaga nyasi zilizoandikwa usikanyage, wakaingia majini. Maji yaliwafika kiunoni, yakawafika mabegani. Kofia ndiyo iliyozama mwisho.

"Kumbe adabu walikuwa wanaijua," alisema mama.

Mwenyekiti alilizunguka jukwaa tupu, akainama mbele ya kibao, akasoma kwa sauti: "Hapakuwa na mtu." Alinyooka akiwa amefurahi sana. "Tazameni wenyewe. Kuna mtu hapo? Kibao kinasema kweli."

Mjumbe alikubali. Katibu aliandika kwamba malalamiko yamefungwa kwa kukosa msingi, na mfagiaji akaagizwa apige deki jukwaa kabla wageni hawajafika.

Wageni walifika saa sita. Walipanda juu ya jukwaa lililokuwa bado bichi, wakapigana picha, vifua mbele.

Mama alivua viatu. Alitembea mpaka ulipokuwa mlango wa bibi yake, akasimama kando kidogo, mahali anaposimama mtu asiyetaka kuchungulia ndani.

"Hodi," alisema.

Mgeni mmoja alimwomba asogee, anaharibu picha.

"Hodi."

Katibu alifunga faili. Mwenyekiti alimwomba mjumbe njugu.

Mara ya tatu mama aliisema kwa sauti kubwa, mpaka ikasikika chooni, penye kisima. Akangoja muda unaostahili. Kisha akaokota viatu vyake, akamshika binti yake mkono, wakarudi nyumbani.