Matete ya Mbayuwayu

Novemba 1997 nilitoka Migori nilikoolewa, nikaenda Homa Bay kwa kaka yangu Cephas, nikiwa na sukari ya watoto na hamu moja tu: kuwaona mbayuwayu wa Ulaya wakitua kulala kwenye matete ya nyumbani. Mama yetu, alipokuwa hai, hakupakua ugali kabla hawajatua. Alisema wageni walale kwanza, ndipo sisi tule.

Nikakuta matete hayapo. Palikuwa na sukuma wiki, imepangwa kama wanajeshi.

“Omera, ndugu yangu, siku hizi mbayuwayu nao wanakula mboga?” nikamuuliza.

“Usinicheke, Roselyn. Gugumaji limefunga ziwa, mashua haitoki kuvua. Watoto wangekula nini?”

Hata mimi ningefyeka, tena mapema kuliko yeye.

Jioni tukakaa nje. Mbayuwayu walikuja wengi kama moshi, wakazunguka juu ya shamba, wakashuka karibu kugusa majani, kisha wakapanda tena. Cephas alisimama, kofia mkononi, kama mtu aliyefikiwa na wakwe nyumba ikiwa chafu.

“Ningeacha hata kipande,” alisema. “Hata upana wa kitanda.”

“Na mashuka ungetoa wapi?” nikamtania, lakini hakucheka.

Ndege wakageukia ng’ambo ya ghuba, wakapotelea huko. Kutoka jikoni mkewe akauliza kama apakue. Tukatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme ndiyo.