Shukrani kwa Kisima

Fundi bomba alikuwa ameshapita nusu ya njia ya kwenda langoni, mfuko wa spana begani, buti za mpira mkononi, na dada yake anamfuata mbio mbio kilemba kikimning'inia.

"We mtoto, simama! Mtu anaondokaje katikati ya kikao cha upya?"

"Kwa miguu, dada. Kama nilivyokuja."

Huyo mtoto ana miaka hamsini na minane. Dada ana sitini na sita, na kumi na miwili ya mwisho ameimalizia kwenye nyumba ile ya sala, chumba cha pili kutoka jikoni, akiwafulia wageni mashuka.

Fundi hakuwa mwenzao. Aliitwa Jumatatu kuzibua choo cha wageni. Akazibua, akalifuata bomba, bomba likamfikisha kwenye shimo, na shimo likamwonyesha jambo lililomfanya ageuze uso, yeye ambaye ugali wake wa miaka thelathini umetoka kwenye vyoo vya watu. Ukuta wa shimo ulikuwa umepasuka upande wa mteremkoni. Hatua kumi na nne chini yake ndipo kilipo kisima. Aliteka ndoo moja akaiacha juani. Aliporudi ilikuwa imevaa utando, inanuka yai viza. Dada yake alikuwa anakunywa maji hayo hayo. Mwezi mzima tumbo lilikuwa linamwendesha, naye anasema ni uzee.

"Usimwendee Mlezi wa nyumba hivi hivi," dada alimwonya. "Kesho tuna kikao cha upya, tunapanga miaka yetu kumi ijayo. Njoo useme kikaoni. Ila kwetu hakuna kulalamika. Kila neno lazima uligeuze liwe shukrani."

Basi akaenda. Watu arobaini, viatu nje, ukuta mzima umebandikwa karatasi za rangi. Mlezi wao alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto wa mwenzake. Kando yake katibu, mwalimu mstaafu, kalamu tayari. Mama mmoja akasimama, akamshukuru jirani yake kwa mdomo wake mchafu unaomfunza subira. Jirani akashukuru kwa kushukuriwa, macho yamemtoka pima.

Zamu ya fundi ikafika. "Kisima kinaingia mavi," akasema.

Mtu akakohoa.

"Mgeni wetu," Mlezi akasema taratibu, "tugeuzie."

"Nigeuze nini?"

"Iwe shukrani."

Fundi akamtazama dada yake. Amekunja mikono kifuani kama mzazi mlangoni pa chumba cha mtihani. Kwa ajili ya huyo, na si mwingine, akageuza. "Nashukuru... kwamba kisima kimenionyesha shimo limepasuka. Nashukuru bado hajafa mtu."

"Na iwe!" ukumbi ukaitikia. Katibu akaandika kwenye karatasi ya kijani: KISIMA, KINATUONYESHA UHAI.

Mpishi akasimama. Akakishukuru kisima kwa harufu inayomkumbusha kuchemsha. Mtunza bustani akakishukuru kwa mboga zinazokua haraka kupita kiasi. Mwingine akashukuru kwa tumbo lililomfunza kufunga. Fundi akageuka kuwatazama mmoja mmoja. Kumbe walijua! Walijua wote, tangu lini Mungu ndiye ajuaye, na kila mmoja amelisafisha lake, amelipaka manukato, amelitia mfukoni. Hapo ndipo roho ilipomchafuka kwelikweli. Kinyesi alikizoea, kina adabu yake: kinanuka, hakidanganyi. Lakini tabasamu zile hazikuwa na adabu hiyo.

Karatasi zilipokusanywa, za kisima zilikuwa tisa. Hakuna kilichoshukuriwa kukizidi. Na kwa desturi yao, kinachoshukuriwa zaidi ndicho nguzo ya mpango.

"Upya wetu unaanzia kisimani," Mlezi akatangaza. "Jumamosi kila mmoja atakunywa kikombe."

Makofi. Mpishi naye akapiga.

Fundi akamwendea Mlezi, akamwambia atalijenga shimo upya bure, aanze leo. Mlezi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, laini kama unga uliokandwa. "Tumeliweka mwaka wa tatu wa mpango, ndugu yangu." Fundi akaufuta mkono wake kwenye suruali, akatafuta buti zake.

Sasa wako langoni.

"Twende kwangu, dada. Wifi yako atakutandikia leo hii."

"Nimekula nao miaka kumi na miwili. Leo niwakatalie kikombe kimoja?"

"Jifanye umekunywa, basi. Mwaga."

"Mbele ya wenzangu?" Akafunga kilemba upya, akakikaza. "Mdogo wangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Hapiti, dada. Mnamnywa."

Dada akacheka, hakutaka, kicheko kikamtoka tu. Kisha akageuka, akarudi ukumbini.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa bwana afya. Bwana afya akaandika, akasema atafika Jumatatu.

Jumamosi walikunywa. Ishirini na sita walilazwa. Mtunza bustani alikufa siku ya nne. Mpishi hakuumwa, cha kwake alikichemsha. Bwana afya alifika Jumatatu kama alivyosema, akakifunga kisima kwa mnyororo. Mlezi alihama, anawapangia upya watu wa kwingine. Katibu anazo karatasi zote kabatini. Dada alikaa hospitalini siku kumi na moja, akatoka amebaki nusu, akarudi kwenye chumba chake cha pili kutoka jikoni. Fundi anafanya kazi mji mwingine. Dada humpigia simu kila mwisho wa mwezi, huanza kwa kushukuru. Yeye humwacha amalize, halafu humwuliza siku hizi wanakunywa maji gani. Ya bomba, dada husema.