Wali Usioshindiliwa

Enyi wasomaji wangu wenye heshima, na nyinyi msio nayo pia, tegeni masikio. Mimi Siwema wa kidato cha tatu, mwenye orodha ya adhabu ndefu kuliko foleni ya uji, nilipitiwa na usingizi mchana kweupe, katikati ya kikao cha Kamati ya Ujenzi, nikaota ndoto. Sikukusudia. Siku ilikuwa imenivuruga tangu asubuhi. Katika kamati hiyo niliwekwa kuwa mwakilishi wa wanafunzi baada ya kuivalisha kengele ya shule soksi tatu, isilie. Madamu Kalunde, mkuu wetu wa shule, aliamini kwamba nikikaa na watu wazima nitakua. Shauri lililokuwa mezani lilikuwa korongo la nyuma ya jiko. Lijazwe kifusi, na juu yake lijengwe bweni la kidato cha kwanza, ambamo angelala mdogo wangu Ndimyake. Wakandarasi wawili waliitaka kazi. Bwana Ngwembe alikuja na katapila jipya la njano lililofungwa utepe, akatugawia kofia, akaapa kulijaza korongo kwa siku nne. Mama Tusekile alikuja na sururu na ndoo, akauloweka udongo, akaufinya kiganjani, akaomba wiki tatu na ruhusa ya kuchimba shimo la majaribio kwanza. Kamati ilicheka. “Mama, sisi tunataka bweni, hatutaki chungu!” Nilipouliza shimo lina ubaya gani, Madamu akanijibu, “Siwema, kazi yako hapa ni kupiga makofi tukimaliza.” Ni kweli, maana katika kamati yetu hakuna anayenyoosha mkono. Jambo hupita kwa makofi ya wote, asibaki hata mmoja. Basi tukaletewa wali, nikala, Bwana Ngwembe akasimama kuhutubia, na kope zangu zikashuka kama bendera jioni.

Nikajiona katika nchi ambayo ardhi yake ilikuwa ikipumua. Kila nilipokanyaga, unyayo ulizama kidogo, na nyumba zote zilikuwa zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana. Wenyeji wake walikuwa na viganja vipana kama sinia na vinywa vidogo kama tundu la sindano, nao walipiga makofi bila kukoma, kwa lolote lile: kwa jua, kwa mbwa aliyepita, kwa nyumba iliyoanguka. Mfalme wao, Mtukufu Haraka, alipita juu ya katapila la dhahabu, shingo imekaza, hawezi kutazama chini. Na mkewe, Bibi Mng’aro, alikimbia nyuma akilifuta vumbi kwa pindo la gauni lake. “Siku nne!” alinguruma Haraka. “Siku tatu! Nani anasema mbili?” Nami nikajikuta nacheka, mpaka mtu akanigusa bega. Alikuwa mama mmoja mwembamba, mgongo wake umepinda kama alama ya kuuliza.

“Shikamoo mama,” nikasema. “Mbona umepinda hivyo?”

“Marahaba. Nimepinda kwa kuinama kutazama chini ya vitu. Jina langu Swali. Katika nchi hii hanikaribishi mtu mezani, lakini nyumba ikianguka, wote huniita mimi. Njoo.”

Akaniongoza hadi kwenye kilima cheupe, kirefu, kizuri, chenye kuta za bweni jipya kileleni. Katika dirisha moja nikamwona Ndimyake akinipungia mkono, amevaa kofia ya Bwana Ngwembe. Upepo ukavuma, nikanusa. Kilima chote kilikuwa wali! Sasa, wali naujua. Sisi wa bweni tunajua jinsi mpishi anavyoupepeta kwa mwiko, sahani ikafura mpaka ukamshukuru Mungu. Nasi hatuondoki kwenye dirisha la jiko kabla ya kuushindilia kwa mgongo wa kijiko, ili tuone tumepewa nini hasa. Swali akanikabidhi kijiko kikubwa kama koleo. “Bonyeza,” akasema. Nikabonyeza, na mkono wangu ukazama hadi begani. Ndani mlikuwa na hewa tu. Wakati huohuo matone ya mvua yakaanza kudondoka.

“Ndimyake, shuka!” nikapiga kelele. “Shuka, wewe!” Lakini makofi yalivuma kama bati chini ya mvua, na yeye akazidi kunipungia tu.

“Hasikii, mama! Nani anapiga makofi karibu hivi?”

Swali akaninyooshea kidole. “Tazama mikono yako,” akasema taratibu.

Nikatazama. Ilikuwa ikipiga makofi. Yangu mwenyewe, kwa bidii kuliko yote. Basi nikavua soksi zangu, nikaivalisha mikono yangu kama nilivyoivalisha kengele, na kwa mara ya kwanza nchi ile ikanyamaza, na katika ukimya ule nikasikia kilima kikipasuka.

Nikafumbua macho. Kamati nzima ilikuwa inapiga makofi.

“Siwema,” akasema Madamu, “mikono imekufa ganzi?”

“Hapana, Madamu. Imeamka.”

Nikavuta sahani ya Bwana Ngwembe, ambayo kwa ajili ya hotuba hakuwa ameigusa, nikaushindilia wali wake kwa mgongo wa kijiko. Kilima kikawa chapati. “Mzee,” nikamwambia, “samahani kwa chakula. Kifusi chako utakimwaga tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka?”

Akacheka kwa upole. “Binti, mvua za masika zitashindilia zenyewe.”

“Zikishindilia, mdogo wangu atakuwa amelala juu yake?”

Hakuna aliyepiga makofi. Madamu aliitazama ile sahani, kisha akaifunga kalamu yake. Azimio lilikuwa halijapita. Ila utovu wa nidhamu mbele ya mgeni, alisema, haupiti bila adhabu, nami nitachimba shimo nyuma ya jiko, ndani ya korongo lenyewe, kina cha kimo changu. “Na Mama Tusekile aitwe,” akaongeza bila kunitazama, “akukague.”

Nimeadhibiwa mara nyingi, wapendwa, ila sijawahi kukimbilia jembe namna ile. Nilifika magotini udongo ukiwa mwekundu na mgumu. Nilipofika kiunoni ukawa mweusi, unateleza kama sabuni, na maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni. Ndimyake alikuwa amekaa ukingoni akinicheka. Mama Tusekile akainama, mgongo umepinda, akaufinya udongo kiganjani.

“Endelea,” akasema. “Bado hatujafika chini.”