Ngazi Sita Kwenda Chini

Hospitali ilitoa masharti manne, na Delphia Stiltner aliyaandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa, ili mumewe asije akasema hakuyaona. Nyumba iwe mwendo wa nusu saa kwa gari, isizidi. Ngazi zisizidi sita. Mgonjwa asikae peke yake, mchana wala usiku. Na mkataba wa kupanga, wenye saini ya mwenye nyumba, uwe mezani kwa binti wa ustawi wa jamii kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Hapo ndipo jina la Verlin lingeingia kwenye orodha ya wanaosubiri kupandikizwa mapafu. Bila mkataba hakuna orodha, na bila orodha, daktari alishasema waziwazi, Verlin asingefika Pasaka.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwezi wa tisa, na walikuwa Pittsburgh kwa siku ya tatu.

Ungedhani mji uliopikia chuma chake chote kwa makaa ya mawe ungekosa vyote, lakini chumba cha mchimbaji mmoja mgonjwa usingekosa. Wapi! Mwenye nyumba wa kwanza aliuona mtungi wa oksijeni ukiburutwa nyuma ya Verlin, na kimpira kilichoingia puani, akakumbuka ghafla kwamba binamu yake ndiye atakayehamia. Wa pili alikuwa mtu mwema, na nyumba yake ilijaa jua kila upande, ila ilikuwa juu ya ngazi arobaini na moja. Verlin alizitazama, akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho kikawalaza hotelini siku nzima. Wa tatu alitaka barua ya mwajiri. Verlin alimwambia kwamba mwajiri wake alifunga mgodi na kutokomea, na akimpata amsalimie.

Kila nyumba waliyoingia, kabla ya kutazama jiko wala choo, Verlin aliinua fimbo yake akagonga dari mara tatu na kusikiliza. Wachimbaji wote hufanya hivyo. Mwamba mzima hutoa sauti kali. Uliolegea hulia kama ngoma, na ukisikia ngoma unatoka mbio. Delphia alishazoea. Hata ukumbi wa harusi yao uligongwa dari kabla bwana harusi hajakubali kuketi.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Bernadine Wisniewski, mjane wa miaka sabini na ushei, aliyewapokea barazani na aproni yake kiunoni. Kutoka hospitali hadi mlangoni kwake Delphia alihesabu dakika kumi na moja, tena kwa kusimama kwenye taa tatu. Bernadine aliutazama mtungi, wala hakushtuka.

"Wangu alikuwa na kama huo miaka sita," alisema. "Kiwanda cha chuma. Usiku mtungi ulikuwa unapiga mluzi, nikadhani ni birika. Njooni muone."

Akawazungusha ubavuni mwa nyumba. Pale palikuwa na ngazi za saruji zinazoshuka, na mwisho wa ngazi, mlango wa kijani.

Verlin alisimama.

"Ni chini," alisema.

"Ni ngazi sita, mzee. Nimezihesabu. Sita wanaruhusu."

"Sijauliza ziko ngapi. Nimesema ni chini."

Delphia alishuka na Bernadine, akamwacha juu ameshika ukuta. Ndani palikuwa pasafi, pana joto, pananukia sabuni ya kufulia. Kitanda kilikuwepo, na kiti kikubwa cha kuegemea, na jiko dogo la umeme, si la gesi, maana gesi na oksijeni havikai chumba kimoja. Dari ilikuwa chini kiasi kwamba Delphia, ambaye si mrefu, aliigusa kwa kiganja bila kunyoosha mkono wote. Dirisha lilikuwa moja, juu kabisa, na kupitia hilo waliona miguu ya mbwa ikipita.

Alijua. Msije mkamwona kama hakujua. Mwaka wa tisini na nne dari ya mgodi ilimwangukia Verlin pamoja na mdogo wake, Clell, wakabanwa kwenye nafasi ya kimo cha meza kwa muda wa saa kumi na tisa. Verlin alitolewa hai. Wiki mbili baada ya kumzika mdogo wake alishuka tena mgodini, kwa sababu watoto walikuwa wadogo na kule milimani kazi nyingine haikuwepo. Alishuka mpaka mapafu yakawa mawe. Siku madaktari walipomkataza, alitundika kofia yake ukutani akasema hatashuka tena chini ya ardhi mpaka siku ya kuzikwa kwake. Kwao hata stoo ya chini aliikataa. Viazi na mitungi ya maharage Delphia ndiye aliyekuwa akivitoa.

Alipopanda alimkuta Verlin amekaa kwenye ngazi ya juu, amezipa kisogo zile nyingine.

"Tutafute nyingine," Verlin alisema.

"Kesho saa sita, Verlin."

"Bado leo yote."

"Leo yote ya nini? Nimepiga simu ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Kuna wa kuogopa mtungi, kuna wa ngazi, kuna wa dakika hamsini. Huyu mama hajauliza chochote. Ametupa bei ya kibinadamu, na joto la bure."

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Verlin alikuwa anavuta hewa kwa mdomo. Na Delphia, ambaye alikuwa hajalala siku tatu, ambaye usiku alikuwa anaweka mkono kifuani mwa mumewe kuhakikisha kinapanda, alisema neno ambalo alikuwa hajawahi kulisema katika miaka thelathini na sita ya ndoa.

"Kampuni ilipiga king'ora ukashuka. Kila siku, miaka thelathini na moja, king'ora tu, unashuka. Siku ya kumi na tano baada ya Clell, ukashuka! Mimi mkeo nakuomba ngazi sita, unaniambia huwezi?"

Bernadine alijifanya anatoa majani makavu kwenye chungu cha maua.

Verlin akasimama. Alishuka ubavuubavu, mkono mmoja ukutani, na Delphia nyuma yake na mtungi. Mlangoni aliinama, ingawa mlango ulimtosha. Ndani hakuhitaji fimbo. Alikunja kidole akaigonga dari mara tatu juu ya kichwa chake, akatega sikio.

"Unatafuta panya, baba?" Bernadine alimwuliza. "Humu hamna."

"Wangekuwepo ningefurahi, mama. Panya wakianza kukimbia, unajua na wewe ukimbie."

Akaketi kwenye kiti, akauliza kalamu iko wapi.

Ijumaa saa tano na dakika arobaini mkataba ulikuwa mezani kwa binti wa ustawi wa jamii, na binti akaandika jina. Delphia alilia ofisini kwa furaha. Verlin alimshukuru binti, akavaa kofia yake.

Waliishi mle wiki tisa. Kitandani Verlin hakulala hata siku moja. Alikaa kwenye kile kiti, ameelekea mlango, na mlango alitaka uwe wazi. Mwezi wa kumi ukaisha, baridi ikaingia, naye Delphia akawa anapika amevaa koti. Aliununulia mlango ule kigingi cha mpira usijifunge kwa upepo. Bernadine alikuwa akishuka na supu ya kabichi, akiona mlango u wazi na joto lake la bure likienda barabarani, na hata siku moja hakusema neno. Verlin alimshukuru kila bakuli, akala vijiko vitatu.

Kulalamika, hakulalamika. Hilo ndilo lililomtafuna Delphia. Angemtukana, angemwambia wewe mwanamke umenifukia mzimamzima, Delphia angepata pa kujitetea. Lakini Verlin aliuliza tu hali ya hewa ya nyumbani, na kama dada yake amevuna maboga. Uso wake ukawa wa kijivu. Delphia alikuwa akiingia bafuni, anafungua bomba, analia kwa taulo mdomoni, halafu anatoka kumpimia dawa.

Simu ilikuja Jumanne saa tatu asubuhi. Mapafu yamepatikana, waje sasa hivi. Walifika kwa dakika tisa. Verlin alinyolewa kifua, akavalishwa gauni lisilo na mgongo, akawa mtu mwingine kabisa.

"Wakinipa mapafu ya mtu wa mjini," alimwambia muuguzi, "nitaanza kuongea kwa haraka kama nyinyi. Mke wangu ataniacha."

"Nitakuacha hata ukipewa ya askofu," Delphia alisema, na wote wakacheka, na muuguzi naye. Alimshika mkono. Kwa mara ya kwanza tangu zile ngazi, alithubutu kufikiri kwamba alifanya sawa.

Walisubiri saa sita. Kisha daktari wa upasuaji akaja, akavuta kiti, na Delphia alipoona anavuta kiti akajua. Mapafu yalikuwa na doa baya ndani, halikuonekana mpaka walipoyashika. Haya hutokea, daktari alisema, tena mara nyingi. Nafasi ya Verlin kwenye orodha iko palepale. Warudi nyumbani, wasubiri simu.

Saa kumi jioni Delphia aliegesha gari mbele ya nyumba ya Bernadine. Jua lilikuwa bado lipo. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa upande wa Verlin. Verlin hakutoa mguu.

"Mzee. Baridi."

"Kaa kidogo, mama."

Delphia akachuchumaa pale kando ya barabara, magoti yakilia.

"Mara ile nilishuka kwa sababu uliniomba," Verlin alisema.

"Sikukuomba. Nilikutukana."

"Ulinitukana, ndiyo." Alitabasamu kidogo. "Na nilistahili. Lakini sasa sirudi mle."

"Watapiga tena. Amesema palepale, nafasi ni palepale."

"Clell alikuwa ananiuliza saa ngapi," Verlin alisema. Habari za ndani ya mgodi siku ile Delphia alikuwa hajasimuliwa na mumewe hata mara moja. "Anakaa, anauliza, 'Saa ngapi, kaka?' Saa yangu ilishapasuka. Nikawa namtajia tu. Saa mbili. Saa tatu. Wanakaribia kutufikia. Nilikuwa namdanganya, Delphia, na alikuwa ananiamini. Halafu akaacha kuuliza. Sasa mle ndani ameanza upya. Wiki tisa, nikifumba macho tu, saa ngapi, kaka."

Delphia aliuweka uso wake kwenye goti la mumewe. Alitaka kusema kwamba wangetafuta nyumba nyingine, lakini alikuwa ametafuta. Kila Jumatatu alikuwa anapiga simu kisirisiri kutoka barazani kwa Bernadine, na kila Jumatatu ilikuwa ngazi, au dakika, au mtungi.

"Tukivuka nusu saa watakufuta," alisema.

"Najua."

"Utakufa, Verlin."

"Nitakufa. Nataka nife juu."

Alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akasimama, akashuka ngazi peke yake. Alichukua mashine ya hewa, dawa, mitungi minne iliyojaa na nguo za Verlin. Blanketi aliziacha. Alipopanda mara ya mwisho alimkuta Bernadine juu na aproni yake, akiwa ameshaelewa.

"Bernadine, ule mkataba..."

"Nyamaza na mkataba wako." Bernadine akauchukua mtungi mmoja kutoka mkononi mwake, akaupakia mwenyewe garini. "Wangu alitaka kurudi nyumbani. Nikasema subiri, daktari kasema subiri. Akafia kule hospitali, chini ya mataa yao. Nenda, dada. Endesha polepole."

Waliondoka mjini kabla giza halijaingia. Verlin alivua viatu, akalaza kiti nyuma, na kabla hawajafika mpaka wa jimbo alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma kwa ule mluzi wake. Alikuwa hajalala chali tangu mwezi wa tisa. Delphia aliusikiliza mluzi huo akawa anaogopa, kwa sababu alijua anakompeleka, na hakupunguza mwendo.

Kwenye kituo cha mafuta alisimama, akatoka nje ya gari, akapiga simu. Binti wa ustawi wa jamii alikuwa bado ofisini.

"Naomba ulitoe jina la Verlin Stiltner," Delphia alisema.

"Mama, kwa sababu ya leo? Leo ni jambo la kawaida, haimaanishi..."

"Najua. Litoe."

"Lazima niandike sababu, mama. Fomu haifungi bila sababu."

"Andika amehama."

"Amehamia wapi?"

"Kwake."

"Ni mwendo wa muda gani mpaka hospitali?" Lilikuwa swali la fomu, binti alikuwa ameshaanza kuliuliza kabla hajajizuia.

"Saa tano," Delphia alisema.

Alisikia vidole vikibonyeza, kisha vikaacha. "Pole, mama," binti alisema. "Pole sana."

Delphia alikata simu. Alilia hapohapo kando ya pampu, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wanajaza mafuta, bila taulo mdomoni. Kisha akajipangusa kwa mkono wa koti, akaingia garini, akabadilisha mtungi taratibu asimwamshe, na akaendelea kuelekea kusini.