Mlete Ijumaa, Watu Waone

Miaka ile ya hamsini, mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, haukuwa na mtu aliyejua kusherehekea mwaka wa ndoa yake. Watu walioa, wakazaa, wakazika, na siku ya arusi ikishapita imepita. Kwa hiyo Ridhwani alipotangaza kwamba atamchukua mkewe Mwanaarabu kwenda kisiwa cha Pate kustarehe kwa kuwa wametimiza miaka mitatu, wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kwani siku zote hizi mulikuwa hamuyui kama mumeoana?" shangazi mmoja wa Mwanaarabu aliuliza.

Ridhwani alijibu kwamba Mombasa watu wastaarabu ndivyo wafanyavyo. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, akiinunua Chundwa, huko Pate, na kuiuza Mombasa, na kila akirudi Mombasa alirudi na ustaarabu mpya.

Mwanaarabu hakuwajali wachekaji. Alifurahi, tena sana, na asiyefurahi mume akimkumbuka ni nani? Ridhwani alikuwa na maneno matamu na kanzu safi. Alipenda chai ya tangawizi iliyochemka mpaka ikawa nzito, na alikuwa na tabia ya kuacha viatu katikati ya ngazi kila siku ya Mungu, mkewe akiviokota huku ananung'unika na kucheka kwa pamoja. Asubuhi Mwanaarabu alimfukizia kanzu udi, mchana akampikia samaki wa kupaka. Jioni mume alimsimulia ya sokoni, naye akishona. Alikuwa amemshonea kofia ya mkono, tundu kwa tundu, karibu mwaka mzima, mpaka macho yakamuuma. Ridhwani aliivaa Idi moja tu, kisha akasema upepo umeichukua na kuitupa baharini. Mwanaarabu aliisikitikia ile kofia kana kwamba ni mtu, kisha akaanza nyingine.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Mwanaarabu. Kwa watu wa Lamu hilo halina haja ya maelezo: baba akijaliwa binti huanza kutafuta mawe na chokaa, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe na sanduku lake. Marehemu baba yake aliijenga nyumba ile ya ghorofa, akamwandikia yeye angali anatambaa. Mama yake, Bi Mwana, alikaa nyumba ya pili yake, na juu ya kichochoro palikuwa na wikio, chumba cha kuvukia kilichoziunganisha nyumba hizo mbili, hata mama na binti waliazimana chumvi bila kuvaa buibui.

Basi wakasafiri. Walishukia Mtangawanda, bandari ya Pate, na pale gatini alikuwapo kijana mmoja na punda wawili, anawangojea. Ridhwani alisema huyo ni Hamdun, mtoto wa Bi Alawiya wa Chundwa, jamaa wa biashara ambao wangefikia kwao. Hamdun aliamkia kwa adabu na kuinama kuchukua mzigo, na alipoinama Mwanaarabu akaiona kofia yake.

Mtu hapotewi na kazi ya mkono wake. Ua moja upande wa kisogoni lilikuwa na pembe sita, mengine yote tano. Alikosea mwenyewe mwezi wa Ramadhani, kiu imemkamata, akaona uvivu kufumua.

"Muulize kofia yake ameipata wapi," alimwambia mumewe kwa sauti ya taratibu. "Nimeipenda."

Ridhwani alikohoa. Lakini Hamdun alikuwa ameshasikia, na kijana huyo hakuwa na sababu ya kuficha.

"Hii, bi? Nimepewa na shemeji yangu," alisema, akimtazama Ridhwani kwa tabasamu pana.

Ghafla Ridhwani akawa na shughuli nyingi na kamba ya tandiko la punda.

Njia nzima Mwanaarabu alijiambia labda ni mzaha wa wafanyabiashara, labda watu hawa humwita kila mtu shemeji. Moyo ukitaka kudanganywa haukosi maneno.

Jikoni kwa Bi Alawiya hayo maneno yakaisha. Alikuwa ameomba kusaidia, akapewa mbuzi na nazi akune. Bi Alawiya, mama mnene mwenye uso wa huruma, alikaa karibu yake na kumshika goti.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema. "Si kila mwanamke angekubali kama ulivyokubali wewe. Nilimwambia bwana yako, simtoi Hadia wangu mpaka mke mkubwa aje mwenyewe nimwone. Na kweli amekuleta. Tangu walipofungishwa ndoa mwezi wa Rajabu sikulala vizuri, lakini leo nitalala."

Mwanaarabu aliendelea kukuna.

"Bwana yako anatuambia nyumba yake ni kubwa," Bi Alawiya aliendelea. "Anasema wewe utakaa chini, mwanangu atakaa juu, kwenye hewa. Mimi nikamwambia, wewe ndiye mwenye nyumba, wapange wakeo upendavyo."

Hapo Chundwa mwanamume ndiye ajengaye nyumba na kumleta mke ndani. Hawa walikuwa watu wa mashamba na ngalawa, na walivyoona kwao ndivyo walivyodhani kwa wengine. Ridhwani alilijua hilo, akalitumia.

Na Mwanaarabu akaelewa kwa nini ameletwa huku kwa jina la miaka mitatu ya ndoa. Lau angeambiwa habari hii Lamu, kilio chake kingevuka wikio kabla hajamaliza kuvuta pumzi, na kabla ya alasiri sanduku la Ridhwani lingekuwa kichochoroni. Hapa alikuwa mgeni. Mgeni hapigi kelele katika nyumba za watu, hatupi vyombo, hatukani. Ridhwani aliyapima malezi mema ya mkewe, akayageuza kamba ya kumfungia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko ule uke wenza. Mke wa pili ni sheria, angelia akazoea au angelia akaachika. Lakini kuzipanga sherehe, kumpandisha punda, kumchekea njia nzima! Alimchukia mumewe pale pale, chuki safi isiyo na chembe ya majonzi, na alishangaa kuona jinsi inavyompa nguvu.

"Nimefurahi kukuona, mama," alimwambia Bi Alawiya, akamsogezea nazi iliyokunwa.

Kesho yake asubuhi Ridhwani alimtembeza katika mashamba ya tumbaku. Alimshika mkono, jambo ambalo Lamu asingethubutu. Alianza kwa mbali sana, kwa sunna na uwezo na upweke wa msafiri, na Mwanaarabu akamwacha azunguke mpaka akachoka mwenyewe.

"Nina neno," alisema mwisho. "Na wewe una moyo mkubwa."

"Ni Hadia," Mwanaarabu alisema. "Mlete."

Ridhwani alisimama. Midomo ilimcheza kama mtoto aliyepewa kile alichokuja kuiba.

"Wallahi?"

"Lakini usimlete kwa kuibia. Mimi si mke wa kuonewa haya. Mlete Ijumaa, baada ya sala, yeye na jamaa zake wote, watu waone. Mimi nitapika."

"Sikujua kama una moyo wa namna hii!"

"Hata mimi sikuujua," alijibu mkewe, na hilo lilikuwa kweli.

Siku zilizobaki Ridhwani alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani. Alimwangushia madafu, alimmenyea maembe, akamwita nuru ya macho yake. Mwanaarabu aliyanywa madafu na kula maembe. Yalikuwa matamu, akala mpaka akashiba.

Waliporudi Lamu alianza matayarisho. Alipakaza chokaa ukumbi, alitoa vyombo vya kichina vya bibi yake, akaosha zulia. Habari ilienea mtaani, na Bi Mwana akavuka wikio mbio mbio, mtandio unaburura.

"Umerogwa?" alimuuliza. "Mke mwenzio umpikie biriani ndani ya nyumba aliyokuyengea babako?"

"Nipe ndia, mama, niteremshe sufuria."

"Nitazame mato yangu. Wafanya nini?"

Mwanaarabu alimtazama. Bi Mwana alimjua mwanawe. Alikunja mikono ya kanzu, akaanza kuchambua mchele.

Ijumaa walikuja wote, kama alivyotaka. Watu wa Chundwa walipanda kutoka gatini na ngoma na masanduku mawili mapya. Wanawake walimzunguka bibi arusi, wakaingizwa ndani kwa vigelegele. Wanaume walikaa kwenye baraza za mawe mbele ya mlango, pamoja na wanaume wa mtaa waliotoka msikitini na waliokuja, waseme wasiseme, kutazama ajabu. Ridhwani alikaa katikati, kanzu inang'aa, anapokea pongezi.

Ndani, Mwanaarabu alimfunua Hadia uso. Alitegemea kuona mshindani. Aliona msichana mwenye wanja uliomtiririka kidogo kwa jasho, mwenye mikono ya hina iliyoshikamana.

"Dada," Hadia alimnong'oneza, "ngazi ya kwenda juu ni ipi? Nisije nikapotea."

Kwa muda mfupi moyo wa Mwanaarabu uliyumba. Angeweza kumwita Bi Alawiya kando, kumwambia kwa siri, watu wakarudi kwao bila aibu. Akamsikia Ridhwani anacheka huko nje. Moyo ukarudi mahali pake.

Aliwapakulia wanawake wote wakala. Kisha alikwenda nyuma ya mlango wa mbele, akasimama pale ambapo wanaume hawamwoni lakini wanamsikia, akabisha ubao kwa kidole mpaka baraza ikanyamaza.

"Hamdun, ndugu yangu," aliita. "Dada yako mumemleta nyumba ya nani?"

"Ya Bwana Ridhwani," Hamdun alijibu, akishangaa swali.

Mzee mmoja wa mtaa alipaliwa na kahawa. Mwingine akauma kanzu yake asicheke.

"Mwalimu Abdulhadi yuko hapo?"

"Niko, mwanangu." Huyo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu aliyesomesha nusu ya mtaa, na alikuwa shahidi siku baba wa Mwanaarabu alipomwandikia nyumba.

"Mwambie mgeni wetu, nyumba hii ni ya nani?"

Mwalimu Abdulhadi alisitasita. Alimtazama Ridhwani, ambaye uso ulikuwa umemgeuka majivu. Lakini kuulizwa shahidi mbele za watu siku ya Ijumaa si jambo la kukwepa.

"Ni yako," alisema. "Ni yako tangu hujayua kusema. Bwana Ridhwani alikuya na sanduku lake, kama sisi sote tulivyokuya kwa wake zetu."

Baraza ilipasuka kwa kicheko. Wanaume wa Mkomani walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyewahi kusikia mume wa Lamu akijigawia nyumba ya mkewe, chini huyu, juu yule. Watu wa Chundwa peke yao hawakucheka. Hamdun alisimama.

"Mwache dada yangu," alimwambia Ridhwani. "Sasa hivi. Watu hawa wote wasikie."

Ridhwani alijaribu kusema habari ya subira. Hamdun akamsogelea. Talaka ikatoka, kwa sauti ndogo sana, na Mwalimu Abdulhadi akamwambia airudie ili wa nyuma nao wasikie.

Ndani, Bi Alawiya alikuwa amesikia yote. Alimfunika uso binti yake, ambaye alikuwa analia bila sauti, akaja mpaka nyuma ya mlango aliposimama Mwanaarabu. Uso wake haukuwa tena wa huruma.

"Ulijua," alisema. "Ulikuwa jikoni kwangu, umekaa juu ya mbuzi yangu, ukajua. Neno moja tu lingetosha. Mwanangu angebaki kwao."

"Nilijua," Mwanaarabu alisema.

Bi Alawiya alisubiri neno jingine, hakulipata, akapita. Watu wa Chundwa walirudi gatini na masanduku yao bila ngoma, na wanawake wa mtaa walichungulia dirishani mpaka wa mwisho alipopinda kona.

Baraza ilipokuwa tupu, Ridhwani alikuja kubisha. Alibembeleza kwanza. Akaitaja miaka mitatu, akamwita nuru ya macho. Mwanaarabu alifungua ubao mmoja wa mlango kidogo, akamsukumia sanduku lake, akafunga.

"Basi sikupi talaka!" Ridhwani alipiga kelele, haya zimemtoka. "Wasikia? Utakaa hapo mpaka uote mvi!"

"Nani kakuomba?" Mwanaarabu alijibu kutoka ndani. "Kaa nayo. Kila utakakokwenda kuposa, watauliza, nao wataambiwa una mke Mkomani na mlango wake huuingii. Mimi mkeo, Ridhwani. Siendi popote."

Kisha akasikia sanduku likiinuliwa.

Nyumba ya mama yake Ridhwani ilikuwa imerithiwa na dada yake, Jamila, na mume wa Jamila ndiye aliyekaa humo. Mwanaarabu alipanda dirisha la juu, akamsikia akibisha huko vichochoro viwili mbele, akiita jina la dada yake, na Jamila akijibu kwa aibu kwamba bwana yuko, na nafasi hakuna, labda akajaribu msikitini. Kila mlango wa mtaa ule ulikuwa wa mwanamke, na kila mwanamke alikuwa ameshasikia.

Bi Mwana alisimama kwenye wikio nyuma yake.

"Umemweza," alisema. "Na wewe je? Bila talaka hutaolewa tena, mwanangu. Umri wako huu! Hutazaa. Yule ana ndia ya kukimbilia, huenda akahamia Mombasa akaanza upya ambako hawamjui. Wewe umejifungia mwenyewe."

"Najua, mama."

"Kadhi angekutoa katika ndoa hii ukimwendea."

"Najua. Simwendei."

Alibaki dirishani, akisikiliza sauti ya mumewe ikihamia mlango mwingine, na ilikuwa tamu masikioni mwake, tamu kuliko chochote alichowahi kuambiwa na mdomo ule. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtu wa kula biriani iliyobaki. Kesho hapatakuwa na mtu, na mwaka ujao pia. Aliliona hilo wazi, akateremka ngazi, akautia mlango komeo.