Kipande cha Shavuni

Bochaberi aliiamini tangawizi kuliko alivyomwamini dresa wa zahanati. Tumbo likimsokota mtu, alichemsha tangawizi. Mama akijifungua, uji wake ulitiwa tangawizi. Mgeni akibisha hodi amelowa mvua ya Kericho, mvua isiyo na adabu hata kidogo, alipewa chai ya tangawizi kabla ya kuulizwa habari za nyumbani. Majirani walimtania kwamba hata ugomvi wa mke na mume angeuponda na tangawizi auchemshe. Alicheka, na sufuria ikaendelea kutokota.

Kisha Ratemo, mumewe, akaanza kukohoa.

Chumba chao hakikuwa chao. Kilikuwa cha kampuni ya chai, na aliyekaa humo ni yule mwenye nguvu za kubeba kikapu mgongoni. Bochaberi aliyaona kwa macho yake yaliyompata jirani yao Gichana enzi za meneja mzungu. Gichana alikohoa kwenye foleni ya asubuhi, akapelekwa zahanati, na kabla jua halijatua godoro lake lilikuwa barabarani, mkewe amelikalia akilia. Na wao wakifukuzwa, wangekwenda wapi? Shamba la Kisii lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki la kuzikia tu.

Basi kila alfajiri alimenya tangawizi, akakata kipande, akampa mumewe akiweke shavuni.

"Ukisikia inakuja, uma," alimwambia. "Meza mate. Usifungue mdomo mbele ya nyapara."

Ilifaa. Hilo ndilo baya lake, kwamba ilifaa. Ule ukali ulimkaba Ratemo koo, akasimama foleni kimya, machozi yakimlengalenga. Nyapara Kipngetich alipopita alinusa, akacheka. "Ratemo, wewe unanuka chai ya Krismasi."

Walipitisha hivyo baridi nzima, na baridi nyingine ikaja. Suruali ya Ratemo sasa ilishikiliwa na kamba. Akilala alijifunika blanketi gubigubi akakohoa humo humo, na binti yao mdogo, Kemuma, alilala ubavuni pake. Kilichomkera Bochaberi ni kwamba tangawizi ilikuwa ikiisha upesi kuliko alivyoikata. Alimshuku panya. Akamshuku hata Nyanchoka wa mlango wa pili, wakanuniana bure.

Siku moja ya ukungu mzito, Ratemo alianguka katikati ya michai. Wenzake walipomgeuza, majani machanga ya kikapuni yalikuwa na damu.

Dresa Kepher alimpima kifua, kisha akamtazama Bochaberi. Hakumkaripia. Afadhali angemkaripia.

"Mama Kemuma, hii ni TB. Imekula mapafu yote mbili. Mbona hamkukuja mapema? Sindano iko."

"Tungefukuzwa kwa nyumba."

"Nani alikuambia? Hiyo ilikuwa ya wazungu. Siku hizi mgonjwa anatibiwa, na nyumba yake inamngoja. Hata kwa laini yenu ya nyumba kuna watu wawili tulitibu, wako kazini."

"Hao walisema ni malaria."

"Waliona haya," Kepher alisema, akainamisha kichwa.

Ratemo alikufa hospitalini kabla sindano hazijamsaidia kitu. Walimzika Kisii, kwenye nafasi iliyobaki. Bochaberi na Kemuma waliporudi, nyapara Kipngetich alikuwa anawangoja mlangoni, kofia mkononi.

"Pole, mama. Nyumba ni yako. Jumatatu uchukue kikapu ya bwana yako, uje kazi."

Bochaberi alishukuru, kwa kuwa ndivyo mtu anavyofanya. Aliingia ndani, akaitazama nyumba ile aliyoilinda kwa uhai wa mumewe, akauchukia kila ukuta. Alikusanya tangawizi zote ili akazitupe. Alipoinua mkeka wa Kemuma ili afagie, alikuta chini yake maganda makavu na vipande vyenye alama za meno madogo.

"Kemuma."

Mtoto alisimama mlangoni, mdomo ameufumba, shavu moja limetuna, machozi yakimlengalenga. Kifua chake kilikuwa kikiruka chini ya gauni.

"Fungua mdomo, mama. Kohoa."

Kemuma alitikisa kichwa. Alimwonyesha kwa kidole nyapara, aliyekuwa hajafika mbali njiani, kisha akauma kipande chake, akameza mate.